Sahani ya Asubuhi ya Mbio

Nyumbani walimwita Kijiti, na jina likamganda. Tangu aanze mbio ndefu alikula kama mgonjwa: viazi vya kuchemsha, ndizi, mkate mkavu na chai. Siku ya mbio ndiyo kabisa, nyama na mafuta hagusi. Kocha aliwaambia tumbo halitaki mgeni siku ya kazi.

Mama yake hilo lilimuuma. Mapishi yake mtaa mzima unayasifu, halafu binti wa kumzaa mwenyewe anachemsha viazi pembeni kama mpangaji.

Asubuhi ya mbio za kuchagua watakaoingia kambini, shangazi alikuwa amelala kwao. Shangazi huyo ulimi wake hauna mfupa. Alimtazama Kijiti akimenya ndizi, akacheka.

"Wifi, huyu mtoto unamlisha kweli? Watu watasema una mkono wa birika."

Mama akainuka. Aliwasha jiko. Baadaye akaweka mezani sahani ya wali unaong'aa mafuta, nyama ya kukaanga juu yake.

"Kula."

"Mama, leo nakimbia. Nikirudi nitakula yote."

"Kwani nimetia sumu?"

"Hapana, mama. Ni tumbo tu."

Mama akainama karibu na sikio lake. "Shangazi yako anaangalia," alisema polepole, na macho yalikuwa yanaomba.

Kijiti akala. Akamaliza.

"Kumbe ilikuwa njaa," shangazi akasema.

Mwanzoni aliongoza. Walipofika kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, tumbo likajikunja, wali ukapanda kooni. Akakaza meno, wapi. Akakimbilia nyuma ya ukuta, akatapika mpaka machozi. Aliporudi barabarani wenzake walikuwa migongo tu, kisha hata migongo haikuonekana.

Alimaliza akijikokota. Mama na shangazi walikuwa wanamsubiri, kocha naye akaja.

"Umekuwaje? Asubuhi umekula nini?"

Kijiti alimtazama mama yake. Aseme nyama ya kukaanga, mbele ya shangazi? Mtaa mzima ungejua kabla ya jua kuzama.

"Sijala kitu, kocha."

Uso wa kocha ukabadilika. "Siku mbaya nasamehe, ningekuchukua hata hivyo. Lakini nimeona wasichana wanaojinyima chakula ili wawe wepesi. Wanaishia kuvunjika mifupa. Kambini kwangu hao siwapokei." Akamgeukia mama. "Mama, huyu nyumbani hali?"

Neno moja tu lingetosha. Mama alifungua mdomo. Shangazi alikuwa amemshika mkono, shingo ameirefusha asipitwe na kitu.

"Namwambia ale," mama akasema. "Hasikii."

Kocha akatikisa kichwa, akaenda kumwita msichana aliyemaliza wa nne, achukue nafasi yake. Kijiti alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kufungua kamba za viatu. Mama akamwinamia amsaidie. Kijiti akauondoa mguu.