Koo la Dalali

Pafu la kulia la Dalali lilikuwa limejaa usaha, na mpasuaji alitaka kulifungua asubuhi hiyo hiyo. Shida ilikuwa koo. Uvimbe ulikuwa umebakiza njia finyu mno. Ukimlaza usingizi kabla ya kumpitishia mpira wa hewa, koo linajifunga na mtu anakufia mkononi. Kwa hiyo daktari wa usingizi angeupitisha mzee akiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi tu.

"Nitajaribu mara mbili, mzee," alimwambia. "Ikishindikana tunatoboa shingo. Utapumua, ila sauti huenda isirudi."

"Mara tano," akasema Dalali kwa sauti ya mkwaruzo. Miaka thelathini alikuwa amenadi mali za watu. Hata juu ya kitanda cha upasuaji hakukubali bei ya kwanza.

"Tatu, mzee. Mwisho wa maneno."

"Haya, tatu. Chukua."

Wakacheka, kisha daktari akaanza. Mara ya kwanza mpira uligonga uvimbe. Mara ya pili damu ikafunika kamera ndogo iliyouongoza mpira. Mara ya tatu aliiona njia, ndogo kama tundu la kifungo, akasukuma, ikakataa. Aliitamani ya nne, tena sana. Nani anataka kuwa yeye aliyezima sauti ya mtu? Lakini koo lilishaanza kuvimba, na huruma ya namna hiyo ndiyo inayoua.

"Tutoboe," akasema.

Mpasuaji akachukua kisu. "Mzee, kama una neno, sema sasa."

Dalali, mtu asiyeishiwa maneno, akawatazama mmoja mmoja. "Kazi njema, wanangu," akasema.

Saa nne baadaye daktari wa usingizi alitoka kumweleza mke wa Dalali. Pafu limesafishwa, mzee yu hai, anapumulia tundu la shingoni. Mama akashukuru, kisha akauliza mumewe alisema nini mwisho. Akaambiwa.

"Na mimi je? Asubuhi tulinuniana. Hata kuniaga hakuniaga."

Uongo mtamu ulimfika daktari kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza. "Hakusema kitu, mama."

Mama akainuka, akajifunga mtandio upya.

"Nipeleke kwake. Miaka yote hii sijawahi kumaliza kusema bila yeye kunikatiza," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.