Mti wa Binti Matundu

Mhandisi alikuwa na mti wake, na aliupenda kupita kiasi. Si mti wa kivuli. Uliishi ndani ya programu, kwenye ruta zinazopitisha mawasiliano ya mji mzima. Kila data iliyoingia na anwani yake ilianzia kwenye shina, ikashuka tawi hadi tawi mpaka ijue njia yake. Kila fundo la mti, pale matawi yanapoachana, lilikuwa na matundu ya kupokea anwani. Yakijaa, fundo lilijitanua lenyewe mara mbili. Yakianza kubaki matupu, lilijikata nusu. Hakuna nafasi iliyokaa bure hata dakika moja, na mhandisi alijivunia usafi huo kwelikweli.

Ila mti ulikuwa mzito wa kujibu. Bosi alishasema bila kumung'unya maneno: jaribio la mwisho ni Ijumaa saa nane mchana. Mti ukichelewa tena, unafutwa, jasho la miaka mitatu linakwenda na maji, na inawekwa programu ya kununua. Wiki nzima mhandisi alibana matundu. Kila alipobana, mti ukazidi kujikokota.

Ijumaa asubuhi alipita kwa baba yake, uso umemshuka. Mzee huyo alipanga barua posta miaka thelathini, na wenzake walimwita Bwana Matundu kwa sababu ya kabati la barua lenye matundu mengi alilosimama mbele yake kutwa. Shuleni mhandisi akaitwa Binti Matundu, akaona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Alipokua, akiulizwa baba alifanya kazi gani, alijibu, "Afisa wa mawasiliano."

"Mbona umenuna hivyo?" baba aliuliza.

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza, vidole vikicheza mezani.

"Kwa hiyo tundu likiwa tupu leo, unaliziba?"

"Ndiyo, baba. Linakula nafasi."

"Na kesho barua zake zikija?"

"Linazibuliwa."

"Na barua nyingine zinasubiri wapi, fundi akiwa kazini?"

Mhandisi alikisukuma pembeni kikombe chake cha chai.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu! Unavunja kabati kila jioni, unalijenga kila asubuhi, halafu unashangaa barua hazifiki! Sisi rafu ya kwanza, ile ambayo kila barua lazima iipitie, tuliiachia matundu tele, hata kama nusu ni matupu. Alikuja mkaguzi mmoja, mjuaji huyo, akayaziba. Siku tatu tulizama kwenye magunia. Niliyazibua kwa bisibisi yangu, yeye anaangalia. Kama lazima ubane, bana rafu za nyuma."

Mhandisi hakumaliza chai. Ofisini alibadilisha viwango vichache tu: shina litanuke hata likijaa theluthi, na lisijikate mpaka liwe karibu tupu kabisa. Mafundo ya chini akayaacha yabane, lakini yasiwe na papara.

Saa nane ilipofika, mti ulijibu kabla bosi hajakaa vizuri kitini. Wakaumwagia anwani za mji mzima, haukutikisika. Bosi alisogelea skrini.

"Nusu ya shina lako ni tupu."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Nani kakufundisha hii?"

"Baba yangu," mhandisi alisema, kwa sauti iliyofika hadi dirishani. "Alikuwa mpanga barua posta. Anaitwa Bwana Matundu."

Kila kanuni mpya lazima ipewe jina kwenye programu. Hii ya shina aliipa jina mwenyewe, akachapa ukurasa, akampelekea mzee. Baba alitafuta miwani, akasoma akifuata mstari kwa kidole: Kanuni ya Matundu.

"Hili si jina langu?"

"Ndilo. Liko kwenye kila ruta ya mji huu."

Mzee alisoma tena. Aliukunja ukurasa mara mbili, akautia mfuko wa shati, akaupapasa kuhakikisha umekaa.

"Na wewe," aliuliza, "huko kazini wanakuitaje?"

"Tangu leo saa nane, Binti Matundu," alisema. "Nimewaambia mwenyewe."