Upande wa Kulinganishwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na mtaro uliogawa mtaa ulifura, ukatapika kinyesi hadi kizingitini kwa dobi. Ndani, dobi aliinama akimsafisha mjukuu wake. Kuhara kulikuwa kumemmaliza mtoto. Hakulia tena, macho yalimzama, na inzi walimtua midomoni asiwe na nguvu ya kuwafukuza.

Maji yao upande huu yalitoka kisimani, hatua chache kutoka mtaroni, yakiwa na rangi ya chai. Ng'ambo kulikuwa na bomba jipya. Jana dobi alivuka na ndoo yake, akachota. Leo watafiti wa afya walikuja mapema.

"Bibi, si tulikueleza?" alisema binti mtafiti, leso puani. "Ng'ambo wamepewa maji safi, nyinyi bado. Mwishoni tunalinganisha nani anaugua zaidi. Ukichota kule unatuharibia matokeo."

"Mwanangu, kwani hamjui kwamba maji machafu yanaua?"

"Tunajua. Lakini lazima tuthibitishe."

Fundi cherehani, jirani yake, alicheka kikavu mlangoni. "Kumbe tuna kazi, jamani. Kuugua. Na hawajatuuliza hata cheti."

"Hebu nyamaza," mkewe akamkatiza. "Wakituondoa kwenye huo utafiti, hata bomba walilotuahidi baadaye ndiyo basi tena. Mama, tafadhali, usituponze."

Dobi alilitazama begi la mtafiti. Dawa zilikuwa humo, bure kwa kila nyumba inayofuata masharti.

"Mpe mtoto dawa kwanza, mengine tutaongea."

"Natamani, bibi, Mungu ananiona. Lakini wewe umeshavunja masharti. Ni mpaka ukubali upya. Na kwa kuwa husomi, utatamka mbele ya mashahidi."

Harufu ya mtaro dobi alikwisha kuizoea. Kilichomchefua ni harufu ya sabuni nzuri mikononi mwa yule binti.

Alimpakata mtoto, akanong'ona maneno ya kukubali.

"Sauti kidogo, bibi. Wenzako wasikie."

Fundi aliinamisha kichwa. Mkewe alisogea karibu, asipitwe na neno.

"Naahidi," dobi akasema kwa sauti, "mimi na mjukuu wangu tutakunywa maji ya kisima chetu, mpaka mmalize kutulinganisha."