Mshenga Ndani ya Kijani

"Vimeungana tena! Jamani, vimeungana!" Nilisukuma kiti mpaka kikagonga kabati la maabara.

Alasiri mwalimu wangu alikuwa anakuja kuangalia, na alishasema wazi: leo isipowezekana, utafiti huu unafungwa, naanza mwingine kutoka sifuri. Miaka miwili yangu, basi tena!

Kazi yenyewe ni vitone vya DNA, vidogo hata jicho halivioni, vinaelea kwenye maji ya chumvi kama mafuta kwenye mchuzi. Nyuzi za vitone vyekundu hushikana zenyewe kwa zenyewe, na za kijani vivyo hivyo. Vyekundu na vya kijani vikigusana, kila kimoja kinatakiwa kibaki kivyake. Nikitaka viungane, natia uzi wa tatu unaoshika pande zote mbili. Sisi tunauita mshenga. Leo sikuwa nimetia mshenga wowote, na ndoa zilikuwa zinafungwa mbele ya macho yangu.

Jirani yangu wa meza, tunayemwita Pilipili, alikuja kuchungulia kwenye hadubini.

"Mshenga uliuchota kwa ncha ipi ya pipeti?"

"Hii hapa." Nikainua pipeti, kibomba chetu cha kunyonyea matone.

"Na kijani ukachota kwa hiyohiyo?"

Nikaitazama ncha. Ilikuwa hiyohiyo. Kijani chote nilikuwa nimekichafua kwa masalia ya mshenga.

"Dada, akili yako leo umeiacha wapi?" Akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa chake cha kijani. Kilikuwa cha jaribio lake mwenyewe. Nilimwona akikihangaikia mwezi mzima.

"Siwezi kukichukua."

"Nimekuuliza kama unaweza? Badilisha ncha!"

Mwalimu alipoinama kwenye hadubini, vyekundu na vya kijani vilikuwa vinagusana, vinasukumana, kila kimoja na rangi yake. Nikatia mshenga. Polepole vikaanza kuingiana.

"Endelea," alisema mwalimu, jicho bado kwenye hadubini. "Huu haufungwi."

Nikamtafuta Pilipili, alikuwa mezani kwake anapima chumvi, anaanza kijani chake upya. Nikavaa glavu, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Kaka, Mungu akulipe. Sijui nikushukuru vipi."

"Asante haipimi chumvi," akasema bila kugeuka. "Shika mirija."

Nikashika. Machozi yakaanza kunitoka, nikayafuta kwa bega.

"We! Lia pembeni," akasema. "Hiki nacho usinichafulie."