Uzito Usio na Nyama

Mzani ulionyesha kwamba mtoto ameongezeka gramu tisini kwa siku moja. Damari, mama mkwe, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake. Rahabu, mama wa mtoto, hakutazama mzani. Alimtazama mtoto.

Nesi Jenipher hakuridhika. Alikuwa kwenye utafiti wa kupima miili ya watoto njiti na ya waliotimiza miezi, ili kujua uzito wa kila mmoja ni mafuta kiasi gani. Alichukua koleo lake dogo la kupimia unene wa ngozi, akabana ngozi ya paja, akasoma. Akabana ya chini ya bega, akasoma. Akarudia. Mikunjo ilikuwa imekonda kuliko wiki iliyopita.

Rahabu alijua sababu. Wodi ile haikumruhusu njiti kama wake kuondoka kabla ya kufika kilo mbili, na kwao Mgori mtama ulikuwa umeiva, ndege kwelea kwelea wameshuka, na shambani hakuna wa kuwafukuza. Damari, aliyekuja kumpikia, alimkumbusha kila asubuhi kwamba watoto wengine nyumbani watakula vumbi. Mwishowe akatoa shauri: mbuzi wa mnadani hunyweshwa maji kabla ya kupandishwa mzani, na hakuna aliyekufa. Maji yalichemshwa, kijiko kilikuwa safi. Rahabu hakuona ubaya. Kijiko kikawa vijiko, vijiko vikawa kikombe, na titi likabaki limejaa.

Leo mtoto hakunyonya kabisa. Alikuwa wa baridi, amelegea, na mkono wake wa kushoto ulirukaruka wenyewe.

Dokta Fredrick alipoitwa alimgusa utosi, akasema huenda ni maambukizi, aandaliwe dripu ya maji ya sukari. Jenipher akamzuia.

"Uzito umepanda, dokta, mafuta yamepungua. Kuna kitu kimeingia ambacho si chakula."

Daktari akamgeukia Rahabu, akamuuliza kama mtoto amepewa chochote zaidi ya maziwa.

Damari aliwahi kujibu. "Maziwa ya mama yake tu. Kwani sisi hatujawahi kulea?"

Tangu aolewe, Rahabu hakuwahi kumpinga mama mkwe hata ndani ya nyumba, sembuse mbele ya watu. Alipiga magoti kwanza, kama anayeamkia. Mkono wa mtoto uliruka tena.

"Nisamehe, mama," alisema. Kisha akamwambia daktari: "Tumempa maji. Kila siku, kabla ya mzani. Mengi."

Daktari alifuta agizo la dripu. Alieleza kwa kifupi kwamba maji yamezimua chumvi ya damu na ubongo unavimba. Dripu ile ingemwongezea maji na kummaliza. Atapewa chumvi kidogo kwa mshipa, polepole. Rahabu aliuliza kama atapona. Daktari alisema hajui.

Damari alifunga kanga yake. "Umenivua nguo, mwanangu," alisema, akatoka kuwahi basi.

Jioni Jenipher alimpima mtoto tena. Siku zote Rahabu aliomba mzani upande. Sasa aliomba ushuke, maji yatoke. Ulishuka kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unaruka, na wa kulia nao ulikuwa umeanza.