Jina la Esperance kwenye Jiwe la Bandarini

Mama yangu, Saliha, alikufa majini akiwa na miaka ishirini na sita. Ndivyo ilivyoandikwa. Yeye mwenyewe yuko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anauza vitenge, na akikasirika anasikika hadi mtaa wa tatu.

Ilikuwa hivi. Yeye na rafiki yake Esperance, Mkongomani wa Baraka, walipanda boti ya mizigo kuja Bujumbura. Asubuhi ziwa likachafuka kwa upepo. Esperance alikuwa na homa, anatetemeka, mama akavua koti lake akamvisha. Kitambulisho cha mama kilikuwa mfukoni mwa koti hilo. Boti ilipopinduka, mama alidaka bidoni tupu, dumu la mafuta, kwa mkono mmoja, na mwingine ukamshika Esperance. Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha vidole vya Esperance vikalegea. Alasiri wavuvi wa upande wa Kongo walimwopoa mama peke yake.

Siku ya tano maji yalileta maiti ufukweni kwetu. Uso ulikuwa hautambuliki, lakini koti lilijulikana. Familia ikazika. Mama aliporudi wiki moja baadaye alikuta watu bado wamekaa matanga, na bibi yangu akazimia mlangoni. Babu alikwenda kuomba orodha ya waliokufa irekebishwe. Akaambiwa faili imefungwa.

Mwaka jana, miaka thelathini na mitatu baadaye, likachongwa jiwe la kumbukumbu ya waliozama na boti ile, bandarini. Mama alikwenda kuliona siku moja kabla ya sherehe ya kulizindua. Jina lake lilikuwa pale, kati ya wafu. La Esperance halikuwepo popote.

"Mama, ni kosa dogo," alisema Sylvère, msimamizi wa shughuli. "Jiwe limekwisha. Kesho utakaa mbele, na wageni wa heshima."

"Mi sitaki kiti. Mutu amekufa, andikeni jina lake."

"Huyo hana hata karatasi moja hapa."

"Mi nilikuwa naye ndani ya maji. Unataka karatasi gani ingine?"

Sylvère alitazama saa yake, akaondoka.

Kesho yake majina yakasomwa kwa kipaza sauti. Walipofika kwa Saliha binti Ramadhani, watu waliinamisha vichwa. Mama akasimama.

"Niko!"

Msomaji alishusha karatasi yake.

"Niko hapa, nakula, nasali. Aliyekufa anaitwa Esperance Nabintu. Mulimuzika na jina langu, na leo munamunyima la kwake!"

"Mama, tafadhali, unaharibu sherehe," Sylvère alinong'ona.

"Apana. Mumeharibu nyinyi, zamani."

Akamwita mjomba Twahiru, kaka yake, fundi wa mawe, aliyekuwa amekaa nyuma na mfuko wake wa vifaa. Nilidhani mjomba angeona aibu. Alikuja moja kwa moja na nyundo na patasi, akapiga magoti, akaanza kufuta jina la dada yake. Polisi mmoja alimkamata shati. Wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, pale bandarini walikuwa wameshawazunguka, wanapiga kelele, na polisi yule akabaki ameshika shati bila kujua afanye nini. Mjomba aliendelea kuchonga mpaka jina la Esperance likakaa mahali pa lile la mama.

Jumatatu mama akaitwa polisi. Tulikwenda naye, na wale wanawake pia, tukajaa uwanjani.

"Andika kosa langu," mama alimwambia ofisa. "Andika kwamba nilikataa kufa."

Ofisa alishika kalamu, akaiweka, akaenda kupiga simu. Adhuhuri tukaambiwa turudi nyumbani. Jiwe halikuguswa tena.

Mwezi uliofuata alikuja Mathilde, mdogo wake Esperance, kutoka Baraka. Mama alimpeleka bandarini. Mathilde alipitisha kidole juu ya kila herufi, polepole, akilia. Halafu akalaza kichwa upande, akamwita mama kama dada yake mkubwa.

"Yaya Saliha, hii jina imepinda."

"Fundi alikuwa anavutwa shati," mama alisema. "Soma tu."

Mathilde akasoma kwa sauti, mara mbili.