Nyumba ya Kumi

Mtaa wetu una nyumba thelathini, zote za chini isipokuwa yetu. Kiwanda cha nguo kilizijenga kwa ajili ya wafanyakazi wake: vyumba viwili, ukumbi mwembamba, ua wa kuanikia nguo. Kiwanda kilipofungwa, watu wakaanza kuhama na bei ikaanza kuteremka. Ilifika mahali tukawa tunataniana kwamba anayenunua kitanda huku hupewa na nyumba ya kukiweka.

Marehemu baba alikuwa mwashi. Wenzake walipokuwa wakifungasha, yeye alimwaga zege juu ya chumba cha nyuma, akajenga ngazi ya nje na chumba kimoja cha juu chenye dirisha la kutazama mtaa mzima. Mama hulala humo mpaka leo. Nilitaka kusema mpaka juzi.

Manispaa iliponipa kazi ya kuhesabu nyumba, nilivimba kichwa. Fomu ilikuwa nyepesi: N kwa nyumba nzima, B kwa mbovu, T kwa tupu, na safu ya mwisho ya maelezo. Kanuni mpya ndiyo iliyokuwa nzito. Mtaa ambao theluthi ya nyumba zake ni tupu au hazikaliki unahesabiwa umekufa. Hapatolewi kibali cha ukarabati, hapaletwi bomba jipya, na nyumba inathaminiwa kama kiwanja kitupu. Nilihesabu mtaa wetu mara mbili. Tupu zilikuwa tisa. Tulikuwa tumepona kwa nyumba moja.

Kwa furaha hiyo, nilipofika kwetu niliandika N, kisha kwenye safu ya maelezo nikaandika G kubwa, nikaikoleza kwa wino. G ya ghorofa. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu baba aonekane mahali fulani katika makaratasi yao.

Sikujua kwamba wenzangu wa mitaa mingine walikuwa wakiitumia safu hiyohiyo kuandika G ya gofu, yaani nyumba iliyobomoka isiyokalika. Karani wa kuingiza takwimu hakunijua mimi wala baba yangu.

Jumatatu rasimu ya orodha ilibandikwa kwenye ubao wa manispaa. Kabla sijamaliza chai, jirani yetu fundi cherehani aliingia uani, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Msomi! Hebu toka utueleze. Nyumba ya mama yako imekuwa gofu tangu lini?"

"Gofu?"

"Zimetimia kumi! Mtaa umekufa, na aliyeuchimbia kaburi amekaa anapuliza chai."

"Ni ghorofa, fundi. Niliandika G ya ghorofa."

Akainua macho akakitazama chumba cha juu, kisha akanitazama mimi. "Chumba kimoja hicho? Ungeandika I basi, wajue ni ikulu."

Nilikimbia mpaka kwa mthamini, mzee mmoja tuliyemwita Rula kwa sababu rula haikukosekana mfukoni mwake. Nikamwomba afute herufi moja tu.

"Orodha inafungwa Jumamosi," alisema. "Na mimi sifuti kwa maneno. Nafuta kwa macho."

Kesho yake alikuja. Alipanda ngazi, akakanyagakanyaga sakafu ya chumba cha mama, akashuka. Katika chumba cha chini alisimama mbele ya kabati la vyombo.

"Shika upande huo, kijana."

Tukalisogeza. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepasuka kutoka dari hadi sakafuni. Rula alichomeka rula yake katika ufa, ikazama yote.

"Mama, ufa huu unaujua?"

"Naujua," mama alijibu. "Unadhani kabati liliwekwa hapo kwa urembo?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka aliomaliza kujenga. Baba yake huyu alisema atauziba. Akatangulia."

Rula aliifuta rula kwa leso. "Karani amekosea kusoma," alisema, "lakini nyumba hakuikosea. Chumba cha juu kikishuka kabla ya Jumamosi na ukuta ukawekewa nguzo, nitaandika B. Mbovu inakaliwa."

Alipoondoka nilipandwa na hasira. "Chumba hicho hakiguswi! Baba alibeba kila tofali kwa bega lake."

"Na mimi miaka kumi na minne nimelala juu ya kila tofali nikisikiliza ukuta unavyolia," mama alisema. "Kuna nyumba nyingine ishirini zenye watu mtaa huu. Lete nyundo, mwanangu."

Tofali la kwanza alilitoa yeye. Nilibomoa siku tatu, mikono ikachubuka, na kila nyundo niliyopiga nilihisi nampiga baba. Fundi cherehani alikuja na toroli kuzoa kifusi.

"Shemeji," alimwambia mama, "mumeo alijenga kwa ubishi. Hata kubomoka nyumba inabisha."

Mama alicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Jumamosi orodha ilifungwa: tupu tisa, gofu hakuna. Mtaa ulikuwa hai, na bei zikarudi pale zilipokuwa. Haikuwa bei ya kujivunia, ila ilikuwa bei ya nyumba.

Wiki haikuisha. Fundi cherehani akaonekana mlangoni kwake akimwonyesha mgeni mwenye miwani jinsi bomba linavyotoa maji. Siku ya pili mashine yake ilikuwa juu ya mkokoteni.

"Umeuza?" nilimkaba. "Baada ya yote yale?"

"Baada ya yote yale ndiyo nimeuza. Bei imepanda leo, kesho nani anajua? Nizeeke hapa nikimshonea nani?"

"Mwenye miwani anahamia lini?"

Alijitia kufunga kamba ya mzigo. "Hahamii. Ananunua za kuweka. Anasema ardhi haiozi."

"Fundi, hiyo ni ya kumi."

"Najua kuhesabu, ndugu yangu. Usinitazame hivyo. Msalimie shemeji, mimi sitaweza."

Mlango ulifungwa kwa kofuli mpya. Hesabu ya pili ilikuwa imepangwa wiki iliyofuata, na mhesabu ni mimi.

Asubuhi moja nilimkuta mama kwenye ua wa fundi. Alikuwa amefagia kizingiti, amemwagilia maji vumbi, na ameanika nguo zake kwenye kamba: kanga mbili, shuka, na shati kuukuu la baba.

"Mama, unafanya nini?"

"Pakae kama pana mtu," alisema bila kugeuka. "Ukipita na fomu yako, uone nguo."

Nilimsaidia kushika upande wa pili wa shuka.

Jioni yake mwenye miwani alituma mtu aje kukata kamba. Aliyetumwa hakuwa mtu mbaya. Alizikunja zile nguo vizuri, zingali mbichi, akaja akaziweka mlangoni petu.